Kokoto ya Chui

Hadithi, jamani, hadithi.

– Ije tuionje.

Ije na uongo wake?

– Uje nao, tutauchambua wenyewe kama mchele.

Basi sogeeni. Na wewe uliyejitenga pale ukutani, njoo ukae kati ya wenzako, maana hii ya leo si ya kusikilizwa ukiwa peke yako.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wanajua kusema na binadamu wanajua kunyamaza, palikuwa na majabali yakiitwa Ng'onde. Katika majabali mlikuwa na pango, na ndani ya pango waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo kama sungura, mkia hana, masikio hana ya kujivunia, na mbele ana meno mawili marefu ambayo hayajawahi kumtisha mtu. Pimbi wa Ng'onde walikuwa wengi ajabu, na kwa wingi wao walikuwa na desturi moja. Kila aliyevuka kizingiti cha pango aliwekewa kokoto.

Penye kizingiti palikuwa na shimo jiweni. Mtoto akizaliwa, kokoto moja, ti. Mgeni akiingiza mguu, kokoto moja, ti. Mtu akifa, au mgeni akiaga, kokoto yake inatolewa. Ndiyo kusema shimo lile liliwajua pimbi kuliko walivyojijua wenyewe.

Aliyekaa na shimo aliitwa Kichonge. Alikuwa binti yatima, mdogo wa mwili, na katika yale meno mawili yeye alikuwa na moja tu. Kazi ile hakuiomba. Alipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ukikaa kizingitini, upepo wako, vumbi lako, na adui akija, wa kwanza ni wewe. Lakini mkono wa Kichonge ulikuwa umezoea. Mguu ukivuka, ti, hata kama yeye mwenyewe amesinzia.

Basi mwaka mmoja jua likachoma mpaka mawe yakapasuka, pa, pa. Maji yakabaki kwenye kidimbwi kimoja chini ya mlima. Na siku moja pimbi walipotaka kutoka kwenda kunywa, walikuta mlango umejaa kitu cha manjano chenye madoa. Alikuwa Chui.

Pango lilikuwa na mlango mmoja. Chui hakuenea kuingia, na pimbi hawakuweza kutoka. Siku ya kwanza wakalamba unyevu wa ukutani. Siku ya pili ukuta ukakauka. Siku ya tatu watoto wakaacha kulia, na hilo ndilo lililowatisha mama zao kuliko kilio chenyewe.

Ndipo Chui akasema, akiwa amelala pale nje na macho yake hayapepesi.

"Mimi si mlafi."

Ebu niambieni, mlafi gani aliwahi kusema yeye ni mlafi?

Akawaeleza masharti yake. Kesho jua likitoka, atawagawa kwa mafungu yaliyo sawa, mafungu mangapi ni shauri lake na kucha zake kumi za mbele. Wakigawanyika sawasawa, fungu moja ni lake, waliobaki watoke wakanywe maji. Na wasipogawanyika kwa ukucha wowote, ataondoka zake, kwa sababu ukoo wake una mwiko.

Mwiko wenyewe ulikuwa hivi. Babu yake Chui aligawa kundi la mbuzi mafungu mawili, akabaki mmoja asiye na fungu. Babu akala la kwake, akamwacha yule mmoja aende. Hakuenda. Aliyebaki peke yake hana tena cha kuogopa. Akamfuata babu nyuma, analia. Babu akijificha kichakani avizie, yuko nyuma analia. Akipanda mti, yuko chini analia. Wanyama wote wakisikia kile kilio wanakimbia. Babu alikufa kwa njaa akiwa na kucha zake zote. Tangu hapo hakuna chui wa ukoo ule anayekula penye baki.

"Kucha zangu ni kumi," Chui akamaliza, "na zote kumi hazijaniangusha."

Kichonge alisikia yote, yuko hatua moja tu kutoka kwenye zile kucha. Akarudi nyuma na kokoto zake, akaanza kuhesabu, maana mtu akiogopa hufanya kile anachokijua. Zilikuwa elfu mbili mia tano na ishirini.

Akazigawa kwa mbili, zikakubali. Akazigawa kwa tatu, zikakubali. Kwa nne zikakubali, kwa tano zikakubali. Kwa sita ndiyo, kwa saba ndiyo, kwa nane ndiyo, kwa tisa ndiyo. Akafika kumi, akaomba Mungu ibaki hata moja. Haikubaki.

Kuna namba za aina hiyo, wanangu. Namba tiifu, namba isiyomkataa mtu, kama punda aliyezoea kila mpitaji ampande. Elfu mbili mia tano na ishirini haina ubishi na ukucha wowote. Kichonge akaanza kupiga hesabu ya mbele. Chui akisema mafungu mawili, wanaliwa elfu moja mia mbili na sitini. Akirudi mwezi ujao na ukucha uleule, wanabaki mia sita na thelathini. Akirudi tena, mia tatu na kumi na tano. Hapo Kichonge akaacha kuhesabu.

Akaenda kumwambia mjomba wake. Mzee Sharubu, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyekuwa mkubwa wa pango, na wazee wengine walikuwa wamemzunguka wakikohoa kohoa. Wakasikiliza. Kisha Sharubu akauliza kwa sauti laini kabisa, je, kama tungepungua mmoja?

Kichonge naye, kwa ile tabia ya mwenye hesabu kushindwa kuacha swali bila jibu, akajibu palepale. Akipungua mmoja, kwa mbili wanabaki mmoja. Kwa tatu wanabaki wawili. Kwa nne watatu, kwa tano wanne, na hivyo hivyo mpaka kwa kumi, wanabaki tisa. Hakuna ukucha utakaowagawa. Alisema kwa haraka, karibu kwa furaha. Alipoinua macho ndipo akaona jinsi wazee wanavyomtazama.

"Mpwa wangu," Sharubu akasema, "wewe huna mume, huna mtoto. Nani atakulilia?"

"Wewe ni mjomba wangu."

"Ndiyo maana nakwambia mimi, nisikuachie uambiwe na watu baki."

Wakakubaliana kwamba anayetupwa nje si wa pango tena. Chui atamla kama zawadi, kokoto yake itatolewa, na mwiko utafanya kazi iliyobaki. Hakuna aliyepinga. Akina mama waliangalia watoto wao. Kichonge akarudi kizingitini, akaketi karibu na shimo lake, na kila alipotaka kulia aliona hata machozi hayana maji ya kutokea. Kumwogopa Chui kulikuwa jambo alilolizoea. Kuwaogopa wa kwao hakujawahi kumpata, wala hakujua aelekeze mgongo upande gani.

Kulipokucha, Sharubu akaja na vijana wawili wenye mabega. Wakamshika kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kucha. Wakaanza kumsukuma. Hatua moja. Hatua ya pili.

Na Chui, ambaye subira yake ilikuwa imekwisha, akaingiza kichwa mlangoni na mkono wake wa kulia kwa ndani, kwaru, kwaru, akiuliza kama wako tayari.

Ti.

Vijana wakaachia mikono. Ilikuwa sauti ya kokoto kuanguka shimoni, na aliyeiangusha alikuwa Kichonge, pasipo kukusudia. Mguu umevuka kizingiti, mkono umefanya kazi yake. Katika majabali yote duniani ni pimbi wa Ng'onde pekee wangeweza kufanya kosa kama lile, kumkaribisha adui kwenye hesabu ya nyumba.

Sharubu akamnong'oneza, umemwekea nani? Kichonge alikuwa amekodoa macho shimoni. Elfu mbili mia tano na ishirini, na moja juu. Zile za chini ni tiifu, zitagawanyika kwa lolote zitakaloambiwa. Ila ile moja ya juu, kila nyingine zikipata pa kulala, yenyewe haina pa kulala. Kwa mbili haina. Kwa kumi haina. Ilimpitia kama baridi, akajua pia kwamba akikosea kusema, atakuwa ndani ya yale mataya kabla sentensi haijaisha.

"Bwana Chui," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya kitoto, "shikamoo. Hapa kwetu miili haigawanywi kabla ya kokoto. Tukitoka wote elfu mbili utachoka, na wengine watakimbia. Kokoto hazikimbii. Utaona mwenyewe kwa macho yako."

Chui akafikiri. Alikuwa mvivu, kama wenye nguvu wengi. Akakubali kokoto ziwe miili, na alichokubali kwa kokoto kiwe kimekubaliwa. Akainua ukucha mmoja, kisha wa pili. Mafungu mawili. Nusu nzima. Nimewaambia hakuwa mlafi.

Kichonge akaanza kugawa pale pale mbele ya pua yake. Pumzi ya Chui ilikuwa inanuka damu ya juzi na ilipeperusha manyoya ya mikono yake. Akaimba ili mikono isisimame, na nyuma yake pimbi wote wakaitikia kwa sauti ya chini:

Moja huku, moja kule,
asiye na fungu na alie.
Moja huku, moja kule,
asiye na fungu na alie.

Fungu la kwanza, elfu moja mia mbili na sitini. Fungu la pili, elfu moja mia mbili na sitini. Ikabaki moja.

Chui akaitazama ile moja. "Haidhuru," akasema. "Kucha zangu ni kumi." Akainua wa tatu.

Moja huku, moja kule. Mafungu matatu, kila moja mia nane na arobaini. Ikabaki moja.

Akainua wa nne. Mia sita na thelathini kila fungu. Ikabaki moja. Akainua wa tano. Mia tano na nne. Ikabaki moja.

Jua lilipanda. Kivuli cha Chui kikafupika mlangoni. Akainua wa sita, ikabaki moja. Akainua wa saba, na hapa Kichonge aliona masikio yake yamelala nyuma. Ikabaki moja. Wa nane, moja. Wa tisa, moja. Na Chui hakusema tena kwamba kucha zake ni kumi. Aliinua wa kumi. Mafungu kumi yakapangwa, mia mbili hamsini na mbili, mia mbili hamsini na mbili, na pale katikati, kwenye jiwe tupu, kokoto moja.

Tumbo la Chui likanguruma, ngruu. Siku nne alikuwa hajala.

"Huyu anayebaki," akauliza taratibu, "ni nani?"

Kichonge angeweza kusema ni fulani. Angeweza kusema ni Mzee Sharubu, na sitawadanganya, jina lile lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Ni wewe, Bwana Chui. Uliingiza mguu, nikakuwekea kokoto. Ndiyo desturi yetu. Sisi wengine wote tuna mafungu. Usiye na fungu ni wewe."

Chui akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikumfika machoni. Akasema mwiko unamhusu anayebaki, na anayebaki humfuata aliyegawa. Aliyegawa ni yeye. Basi atajifuata mwenyewe? Alikusudia kufanya mzaha. Lakini alipokwisha kusema akasikia alichokisema, na tumbo likajibu, ngruu.

Akaondoa mkono wake pangoni haraka, kana kwamba jiwe limemchoma. Kichonge akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Chui akageuka ubavu, akanyoosha mguu wa nyuma, akatoa ukucha ambao hakuna aliyeuhesabu.

"Mafungu kumi na moja," akasema.

Hapo ndipo Kichonge alipoogopa kweli. Hakuwahi kujaribu kumi na moja. Alijua njia mpaka kumi, na baada ya kumi palikuwa giza. Ile moja ya juu inaweza kupata mahali, fungu likatimia, na yote yakawa bure. Hakuwa na namna ya kukataa. Akagawa. Kokoto zikawa zinagongana, ti ti ti ti. Nyuma yake hakuna aliyeimba. Mia mbili ishirini na tisa, mia mbili ishirini na tisa, mafungu yote kumi na moja, na alipofika mwisho kiganjani mwake mlikuwa na kokoto mbili.

Akaziweka juu ya jiwe. Mbili.

Chui akainuka, akajilamba. "Wawili," akasema. "Wawili si mpweke. Wawili watabembelezana, hawatamlilia mtu. Babu yangu hakukataza wawili."

Mkia ukaanza kupiga chini, pu, pu. Sharubu akajificha nyuma ya wale vijana. Kichonge aliona mdomo wa Chui ukifunguka, aliona mpaka koo, na kwa hofu, si kwa akili, naomba mniamini, kwa hofu tupu, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Moja ni wewe, bwana wangu. Ya pili ni yule anayekufuata."

Mkia ukasimama.

"Nani ananifuata?"

"Mimi nitamjuaje? Hesabu yangu ni ya waliovuka kizingiti. Labda alivuka nyuma yako. Labda ni yule wa babu yako."

Chui hakugeuka. Alitaka, akaogopa. Alibaki ametazama zile kokoto mbili zilivyolala pamoja, moja karibu kabisa na mgongo wa mwenzake. Kisha kutoka mahali fulani karibu sana naye kikaja kilio, chembamba, cha kuvuta, ngruuu.

Chui akaruka. Akateremka majabali bila kuchagua njia, na nyuma yake mawe yakaanza kukwaruzwa, kwaru kwaru kwaru, hatua kwa hatua. Alipoongeza mbio, nayo ikaongeza. Aliposimama kusikiliza, ikasimama, na badala yake kikaja kile kilio. Waliomwona kule bondeni wanasema alikuwa anakimbia peke yake. Yeye hakuona hivyo. Alivuka mbuga ya kwanza, akavuka ya pili, na kila alipojificha ajipatie kitoweo, kilio kilitangulia, wanyama wakatawanyika. Alikoishia hakujulikani.

Pimbi wakatoka wakanywa maji mpaka matumbo yakawa magoma. Wakambeba Kichonge. Mzee Sharubu akasimama juu ya jiwe akahutubia, akasema tangu mwanzo alijua mpwa wake ataweza, ndiyo maana akampeleka mbele. Wakampigia vigelegele na yeye pia.

Lakini mgeni akiondoka, kokoto yake inatolewa. Ya Chui Kichonge hakuitoa. Aliiacha shimoni, na idadi ya pango ikawa elfu mbili mia tano ishirini na moja. Wenye shule wanaiita namba tasa. Haigawanyiki kwa lolote ila yenyewe na moja. Asiyeamini akajaribu nyumbani, na achukue kokoto za kutosha.

Na tangu siku ile hakumwambia mtu tena idadi. Mjomba wake alikuwa akija asubuhi, ameinamisha kichwa, anauliza kwa adabu ambayo zamani hakuwa nayo, je, leo tuko wangapi? Kichonge anamtazama kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye sharubu, polepole, bila kupepesa. Kisha anajibu, "Tuko wote, kasoro mmoja." Na Sharubu hakuwahi kuthubutu kuuliza ni nani.

Funzo la ngano hii, watoto wazuri, ni kwamba hesabu ni mbaya, msijifunze. Anayejua kuhesabu ndiye anayetupwa nje kwanza, na asiyejua hata mbili anakunywa maji na kupiga vigelegele. La pili, wapendeni wajomba zenu, hawana nia mbaya, wanapunguza mmoja tu. La tatu, ukisikia tumbo linalia, kula.

Ngano yangu imechoka, naiweka chini hapa kizingitini. Aliyeipenda aichukue. Aliyeiogopa aiache, lakini kabla hamjainuka, ebu hesabianeni, tuone kama tuko walewale tulioanza.